Jinsi ya Kutabiri Mapambano ya Kombe la Davis

Wasomaji wapenzi, wanafunzi wenzangu, nanyi kaka zetu mliokwisha kuiaga shule hii, naomba radhi kwanza. Makala hii ni ya hesabu na ya mchezo wa tenisi, lakini haikuanzia darasani. Ilianzia katika deni la shilingi 240,000. Fedha hizo mlizichanga ninyi wanafunzi wa zamani siku ya sherehe ya shule mwaka 2024, ili chama chetu cha tenisi kinunue wavu mpya, maana ule wa zamani ulikuwa umeungwa kwa kamba za katani, na mpira ulipita katikati yake kama samaki apitavyo katika jarife bovu. Mwaka ule wavu haukununuliwa. Baadhi yenu mmeuliza kwa nini, nanyi mna haki ya kuuliza. Sababu yake ni utabiri wangu.

Wakati ule nilikuwa karani wa chama. Kila palipokuwa na mapambano makubwa ng'ambo nilibandika karatasi kwenye ubao wa matangazo karibu na bwalo, nikataja timu itakayoshinda. Nilipata sawa mara nyingi, kwa kuwa daima nilichagua timu kubwa, na timu kubwa hushinda mara nyingi. Hiyo si elimu. Lakini wenzangu walianza kuniita Mganga, nami sikuwakataza. Jina tamu halikataliwi upesi.

Siku ya Jumanne, tarehe 19 Novemba 2024, Hispania walikuwa wacheze na Uholanzi katika mji wa Malaga, yaani kwao Hispania. Karatasi yangu ilisema hivi: "Hispania watashinda, hakuna shaka." Chini yake niliandika sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa Carlos Alcaraz. Ya pili ilikuwa Rafael Nadal, ambaye alikuwa amekwisha kushinda mechi 29 mfululizo za mmoja kwa mmoja katika kombe hili, na aliyekuwa amepigwa mara moja tu, tena zamani sana, mwaka 2004, katika mechi yake ya kwanza kabisa.

Mtunza fedha wa chama aliisoma karatasi ile. Simtaji jina, kwa kuwa ameomba hivyo, na kwa kuwa amekwisha kulipa. Mchana ule aliomba ruhusa kwenda zahanati mjini, akapita katika duka la kamari, akaweka fedha zote juu ya Hispania. Kama wangeshinda, angerudishiwa zake pamoja na faida ya shilingi 72,000. Alikusudia kununua wavu na mipira juu yake, nasi tumsifu. Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inamkataza mtu aliye chini ya miaka 25 kucheza kamari. Yeye alikuwa na miaka 18, tena amevaa sare ya shule. Hakuna aliyemwuliza umri.

Usiku ule hatukusikia lolote, maana simu haziruhusiwi bwenini. Jumatano alfajiri, tukiteka maji, mlinzi wa lango alituambia, "Vijana, yule mzee wenu Nadal amepigwa."

Nikamwambia, "Si kitu, baba. Na Hispania je?"

"Nayo imekwenda na maji."

Mtunza fedha alikuwa amesimama nyuma yangu na ndoo yake. Aliiweka chini pole pole, akaniambia, "Ndugu yangu, wewe ulisema hakuna shaka."

Tangu siku ile ndipo nilipoanza kujifunza kutabiri. Zamani nilikuwa nikipenda tu, na mapenzi yangu nikayaita utabiri. Haya nitakayoyaeleza nimeyapata kwa kitabu chetu cha hesabu ya uwezekano, kwa magazeti ya maktaba, na kwa Mwalimu wetu wa hesabu, aliyekubali kukaa nami baada ya sala ya jioni mara nyingi kuliko nilivyostahili.

Yafaa kwanza tulijue kombe lenyewe. Lilianzishwa mwaka 1900 na kijana Mmarekani aliyesoma Harvard, jina lake Dwight Davis, naye alikuwa na umri wa miaka 21 tu. Alitoa bakuli la fedha, akacheza mwenyewe katika timu ya nchi yake, nao wakawashinda Waingereza 3 kwa 0 huko Longwood karibu na Boston. Mpaka mwaka 1971 bingwa alikaa kitako kwake akingoja timu nyingine zote zimalizane, kisha akacheza na mshindi wao pambano moja tu, tena nyumbani. Mtabiri wa siku zile alikuwa na kazi nyepesi: kati ya mwaka 1950 na 1967 Australia walilitwaa kombe mara 15 katika miaka 18. Mwaka 1972 desturi hiyo iliondolewa, na bingwa naye akalazimika kuanza chini pamoja na wenzake.

Katika makala hii neno "pambano" nalitumia kwa nchi na nchi, na neno "mechi" kwa mtu na mtu. Kwa miaka mingi pambano lilikuwa na mechi 5 kwa siku 3: mbili za mmoja kwa mmoja siku ya kwanza, moja ya wawili wawili siku ya pili, na mbili za mmoja kwa mmoja siku ya tatu, wachezaji wakibadilishana wapinzani. Kila mechi ilikuwa ya seti 5. Mwaka 2019 mambo yalibadilishwa. Katika fainali, ambako timu hukusanyika mji mmoja, pambano lina mechi 3 tu: wachezaji wa pili hukutana kwanza, kisha wachezaji wa kwanza, na mwisho wawili wawili, na kila mechi ni ya seti 3. Mwenye kutabiri asipojua ni kawaida gani inayotumika, hesabu yake ni bure, kama nitakavyoonyesha.

Tuanze na pambano la mechi 3. Tuseme timu yetu ina mchezaji wa kwanza awezaye kushinda mechi yake mara 7 katika 10, wa pili mara 6 katika 10, na jozi yetu mara 4 katika 10. Twataka kujua timu nzima itashinda mara ngapi. Watu wengi hutazama namba hizi wakasema, "Wawili kati ya watatu ni wazuri, basi tumeshinda." Hapana, ndugu. Kuna njia tatu za kushinda pambano, nasi sharti tuzihesabu zote. Njia ya kwanza, wote wawili wa mmoja mmoja washinde: 0.7 mara 0.6, ni 0.42. Njia ya pili, wa kwanza ashinde, wa pili ashindwe, na jozi ishinde: 0.7 mara 0.4 mara 0.4, ni 0.112. Njia ya tatu, wa kwanza ashindwe, wa pili ashinde, na jozi ishinde: 0.3 mara 0.6 mara 0.4, ni 0.072. Jumlisha: 0.604. Timu iliyoonekana kuwa na ushindi mkononi ina mara 60 tu katika 100. Nilipoipata hesabu hii mara ya kwanza niliirudia mara tatu nikidhani nimekosea.

Sasa tutazame jambo la mtu mmoja hodari sana. Watu hupenda kusema, "Wana fulani, basi yamekwisha." Tuseme timu ina nyota ashindaye mara 9 katika 10, mwenzake ni dhaifu, mara 3 katika 10, na jozi yao ni nusu kwa nusu. Kwa kawaida ya mechi 3, fuateni njia zile zile tatu: 0.27, na 0.315, na 0.015, jumla ni 0.60. Kwa kawaida ya zamani ya mechi 5, nyota yule alicheza mara mbili za mmoja kwa mmoja. Uwezekano wa kushinda zote mbili ni 0.81, na hapo timu ilihitaji mechi moja tu kati ya tatu zilizobaki. Uwezekano wa kuzikosa zote tatu ni 0.7 mara 0.7 mara 0.5, ni 0.245, basi wa kupata hata moja ni 0.755. Zidisheni kwa 0.81, mtapata karibu 0.612. Ongezeni zile nafasi ambazo nyota alishindwa mechi moja au zote, nazo ni kama 0.054; jumla yafika 0.67 hivi. Timu ile ile, watu wale wale, kwa kawaida moja hushinda mara 67 katika 100, na kwa nyingine mara 60. Mtu hodari hupungua thamani pambano likifupishwa. Mnaweza kujibu kwamba nyota huweza kuwekwa pia katika mechi ya wawili wawili, akaleta mechi 2 kati ya 3. Ni kweli, na jambo hilo nitalirudia.

Seti nazo zina hesabu yake. Mchezaji awezaye kushinda seti 6 katika 10 atashindaje mechi ya seti 3? Ama achukue mbili za kwanza, 0.36, ama apoteze moja kati ya hizo mbili kisha achukue ya tatu, 0.288. Jumla ni kama 0.65. Katika mechi ya seti 5 mtu yule yule hufika 0.68. Tofauti si kubwa, lakini yote yavuta upande mmoja: mchezo ukiwa mfupi, mnyonge hupata nafasi zaidi. Kila mtu aliyewahi kucheza gemu moja na Mwalimu wa michezo akaipata, kisha akaomba seti nzima, anajua maana ya maneno haya.

Turudi Malaga. Kwa namba nilizokuwa nazo kichwani siku ile, yaani Nadal 0.9, Alcaraz 0.95, jozi 0.7, Hispania walikuwa na 0.95. Makosa hayakuwa katika kuzidisha. Yalikuwa katika namba zenyewe. Ushindi ule 29 wa Nadal ulikuwa wa kweli, lakini wa mwisho wake ulikuwa wa mwaka 2019, miaka mitano nyuma. Alikuwa na umri wa miaka 38, alikuwa ametangaza kwamba anastaafu, na tangu michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka ule hakuwa amecheza mechi rasmi ya mmoja kwa mmoja. Uwanja ulikuwa wa sakafu ngumu ndani ya nyumba, si udongo mwekundu alioutawala akachukua ubingwa wa Ufaransa mara 14. Na mpinzani wake, Botic van de Zandschulp, miezi miwili na nusu kabla ya hapo alikuwa amempiga Alcaraz mwenyewe katika mashindano ya Marekani, kwa seti tatu bila jibu. Habari hizo zote zilikuwa katika magazeti ya maktaba yetu. Sikuzitazama, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kupata namba 29, nayo ilinipendeza.

Na tuseme ningekuwa mwangalifu, nikampa Nadal 0.4, Alcaraz 0.85 na jozi 0.5. Hesabu inatoa 0.625. Oneni basi: hata mtabiri mwangalifu angewachagua Hispania, naye angekosa vile vile. Van de Zandschulp alimshinda Nadal 6-4, 6-4. Alcaraz akamshinda Tallon Griekspoor. Na katika mechi ya mwisho van de Zandschulp na Wesley Koolhof wakawashinda Alcaraz na Marcel Granollers, seti zote mbili zikiisha 7-6. Kumchagua aliyeshindwa si dhambi. Dhambi yangu ilikuwa maneno mawili, "hakuna shaka," mahali ambapo pangeandikwa "mara 62 katika 100."

Mtunza fedha wetu naye alikuwa na hesabu yake, ambayo hakuna aliyemfundisha, kwa hiyo naiandika hapa kwa ajili ya wadogo zetu. Duka lilimwahidi faida ya shilingi 30 kwa kila 100. Ili asipate hasara kwa muda mrefu, Hispania iliwapasa kushinda 100 katika kila 130, yaani mara 77 katika 100. Wao walikuwa na 62 au 63. Chukueni 0.625 mara faida ya 72,000, ni 45,000, chukueni 0.375 mara 240,000, ni 90,000. Toeni. Alikuwa amekwisha kupoteza shilingi 45,000 kwa hesabu kabla mpira haujapigwa hata mmoja. Hata kama Hispania wangeshinda, ingekuwa biashara mbaya iliyobahatika. Tena karatasi ya duka ilionyesha kwamba aliyeweka juu ya Uholanzi angepata faida ya 230 kwa 100, ambayo ni sawa na kusema Uholanzi wana mara 30 katika 100. Jumlisheni 77 na 30. Kuna ulimwengu gani wenye mara 107 katika 100? Zile 7 za juu ndizo alizojiwekea mwenye duka, naye huzipata ashinde nani.

Sasa swali kubwa: namba hizi za 0.4 na 0.85 hutoka wapi? Hapo hakuna kanuni ya kitabuni. Pana kazi ya kusoma na kupima. Mimi hutazama kwanza mechi za miezi michache iliyopita, si sifa za maisha. Kisha uwanja. Katika mapambano ya nyumbani na ugenini, mwenyeji ndiye achaguaye uwanja, na wengi huuchagua kama mwindaji atayarishavyo mtego. Mwaka 2015 Ubelgiji waliwakaribisha Waingereza katika fainali mjini Ghent, wakatandaza udongo mwekundu ndani ya jumba ili wamzuie Andy Murray. Murray alishinda mechi zake mbili za mmoja kwa mmoja, na ile ya wawili wawili pamoja na kaka yake Jamie, na Uingereza wakapata kombe walilolikosa tangu 1936. Mwaka uliofuata Argentina walicheza mapambano yao yote manne ugenini, la mwisho Zagreb, ambako walikuwa nyuma 2 kwa 1. Juan Martín del Potro akatoka nyuma seti mbili akampiga Marin Čilić, kisha Federico Delbonis akamaliza kazi. Basi uwanja ni kitu, lakini si kila kitu. Mimi huuongezea mwenyeji kidogo tu, na mara nyingi najuta hata kwa hicho kidogo.

Jambo la tatu, ambalo wengi hulidharau, ni jozi. Magazeti huandika majina ya nyota, na mechi ya wawili wawili huachiwa mstari mmoja chini. Lakini pambano likiwa 1 kwa 1, jozi ndiyo pambano zima. Katika fainali za Bologna mwaka 2025 palikuwa na mapambano 7, na 3 kati yake yaliamuliwa na jozi. Na hapo ndipo nahodha asiyecheza anapofanya kazi yake, maana aweza kumrudisha nyota uwanjani. Mwaka 2023 Italia walicheza na Serbia katika nusu fainali. Serbia walikuwa mbele 1 kwa 0, na Novak Djokovic alikuwa na nafasi tatu mfululizo za kumaliza mechi, na pambano lote nayo. Jannik Sinner alizizima zote tatu, akashinda mechi, kisha akarudi pamoja na Lorenzo Sonego akamshinda Djokovic tena katika mechi ya wawili wawili. Siku ya pili yake Italia wakawapiga Australia, wakalitwaa kombe kwa mara ya kwanza tangu 1976. Mtu aliyeandika kabla ya pambano kwamba Italia wana 45 katika 100 alitabiri vema. Aliyeandika hivyo wakati Djokovic anangoja pointi ile moja alikuwa mwendawazimu, naye ndiye angefanywa nabii.

La nne: ngojeni majina. Kabla ya Bologna Sinner alisema hatacheza. Lorenzo Musetti naye akajitoa. Kisha Alcaraz wa Hispania akaumia siku chache tu kabla. Walioandika utabiri wao mwezi wa Oktoba walikuwa wametabiri mapambano ambayo hayakuchezwa kamwe. Italia walishinda vile vile, wakiwa na Matteo Berrettini na Flavio Cobolli, hata ikawa mara ya tatu mfululizo, 2023, 2024 na 2025. Katika nusu fainali Cobolli alimshinda Zizou Bergs wa Ubelgiji kwa gemu ya kukata shauri iliyofika 17 kwa 15. Hebu niambieni, ni namba gani ingetabiri gemu hiyo?

Yako pia mambo yaliyo nje ya hesabu zote. Mwaka 1974 Afrika ya Kusini walipewa kombe bila kucheza fainali, kwa sababu India walikataa kukutana na nchi ya ubaguzi wa rangi. Mwaka 2022 Kanada walitolewa mapema na Uholanzi, kisha wakarudishwa baada ya Urusi kufungiwa, na mwishoni wakawa mabingwa kwa mara yao ya kwanza. Na sisi Waafrika tusiusahau mwaka 1998, Zimbabwe ilipokwenda Mildura, ndani ya Australia, kwenye uwanja wa majani, ikiwategemea ndugu wawili, Byron na Wayne Black, ikawashinda 3 kwa 2 watu waliokwisha kulitwaa kombe mara 26. Nchi zetu za Afrika Mashariki huchezea makundi ya chini, ambamo timu kadhaa hukusanyika mahali pamoja kwa siku chache tu na pambano ni la mechi 3. Mwenye kufuata hesabu yangu ya juu ataona kwamba kawaida hiyo haiwadhulumu wadogo.

Mtabiri apimwe vipi? Mwalimu wa hesabu alinifundisha njia rahisi. Andika uwezekano wako kabla ya pambano, kwa wino. Baadaye, timu uliyoichagua ikishinda, toa namba yako katika 1. Ikishindwa, ichukue namba yenyewe. Zidisha jibu kwa lenyewe. Alama ndogo ndiyo njema. Mtu asemaye nusu kwa nusu kila siku hupata 0.25 daima. Mimi na ile 0.95 yangu ya Malaga nilipata 0.90, ambayo ni aibu tupu, kwa 0.625 ningepata 0.39.

Kwa Bologna niliweka daftari mapema. Italia juu ya Austria niliandika 0.80, Ufaransa juu ya Ubelgiji 0.65, Ujerumani juu ya Argentina 0.55, Jamhuri ya Cheki juu ya Hispania 0.60, kisha Italia juu ya Ubelgiji 0.70; Ujerumani juu ya Hispania 0.55, na katika fainali Italia juu ya Hispania 0.65. Nilikosa Ufaransa, Cheki na Ujerumani katika nusu fainali. Nne tu kati ya saba! Lakini wastani wa alama zangu ni 0.22, chini kidogo ya mtu wa nusu kwa nusu. Kijana mmoja wa kidato cha tatu alipata nne pia, naye alinicheka sana bwaloni, mpaka tulipohesabu: kila mahali alikuwa ameandika 0.9, na wastani wake ni 0.35. Bado ananicheka, hata hivyo.

Imebaki habari ya fedha zenu. Tulikwenda sisi wawili kwa Mwalimu wa michezo Jumatano ile ile, naye akatupeleka kwa Padre Mkuu. Nilijaribu kueleza kwamba mimi sikugusa hata senti. Padre alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, aliyeweka fedha ni yeye. Aliyesema hakuna shaka ni wewe." Likizo ya Desemba hatukwenda nyumbani mpaka sikukuu, tulichuma kahawa katika shamba la misheni, tukilipwa kwa debe kama vibarua wengine, na fedha zilikwenda moja kwa moja katika kisanduku cha chama. Mtunza fedha alichuma zaidi yangu kila siku. Wavu ulinunuliwa mwezi wa Februari 2025, na stakabadhi yake iko ofisini kwa yeyote atakaye kuiona. Yeye si mtunza fedha tena. Ndiye mchezaji wetu wa kwanza.

Na sasa ninyi wanafunzi wa zamani mnakuja wakati wa Pasaka kucheza nasi, mechi 5 kwa kawaida ya kale. Nimewatazama mara mbili. Katika mechi nne za mmoja kwa mmoja nawapa vijana wetu 0.55 kila moja, kwa kuwa miguu yetu ni mipya. Katika wawili wawili nawapa 0.3 tu, maana wale wazee wenu wawili hawakimbii kabisa, na mpira huwafuata. Tukishinda ile ya jozi, twahitaji mbili katika nne, na uwezekano wake ni 0.76, tukiipoteza, twahitaji tatu katika nne, nao ni 0.39. Zidisheni ya kwanza kwa 0.3 na ya pili kwa 0.7, mjumlishe. Mimi nimepata mara 50 katika 100, nimeiandika kwa wino, na daftari liko kwa Mwalimu wa hesabu.